Daftari, simu au setilaiti: unafuatiliaje mradi wa tabianchi Lindi na Mtwara?

Swali hili hujitokeza kila mradi mpya unapoanza Kusini, na mara nyingi hufika likiwa limeshajibiwa. Mfadhili ameshaweka vishikwambi kwenye bajeti, mshauri ameshapendekeza ramani za setilaiti, na daftari la kijiji halijatajwa na mtu. Mimi naanzia kwenye daftari, halafu simu, halafu setilaiti. Sisemi kwamba daftari linashinda kila mahali. Yapo maswali ambayo daftari haliwezi hata kuyagusa, nitayafikia.

Namwandikia afisa mipango wa halmashauri, mratibu wa asasi ndogo, katibu wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari (BMU), au yeyote aliyetwishwa ufuatiliaji na tathmini juu ya kazi zake nyingine. Tuchukue mradi wa kufikirika, ila wa kawaida kabisa. Sehemu yake moja iko pwani ya Kilwa: watu wanapanda mikoko na wanafunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Sehemu ya pili iko kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambako maji yamekuwa shida tangu enzi za mababu: matangi ya kuvuna maji ya mvua, muhogo na mbaazi kati ya mikorosho. Kwenye bango kitita, yaani jedwali la malengo na viashiria vya mradi, pameandikwa kwamba kaya zitaweza kustahimili mabadiliko ya tabianchi. Utajuaje?

Jambo lenyewe si nadharia. Kimbunga Hidaya kilitua Mafia tarehe 4 Mei 2024, na mvua zake zikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara eneo la Somanga. Mafuriko ya Januari 2020 yaliwahamisha watu Kilwa. Kimbunga Kenneth, mwaka 2019, kilitishia Mtwara kisha kikaangukia ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado nchini Msumbiji. Wazee wa Lindi wana kumbukumbu ya kimbunga cha 1952. Ukiacha vimbunga, mvua isiyotarajiwa wakati mikorosho inachanua inatosha kuharibu maua na kupunguza kipato cha mwaka mzima.

Kwa haraka, vifaa vyetu vitatu viko hivi:

| | Daftari | Simu au kishikwambi | Setilaiti |
|---|---|---|---|
| Kinajibu nini | Kinachotokea wiki hadi wiki | Hali ya kaya nyingi kwa wakati mmoja | Misitu na ardhi inavyobadilika |
| Fedha inaishia wapi | Kumtembelea na kumsimamia mwandishi | Mafunzo, posho na usafiri wa wadadisi | Kumlipa anayejua kuchambua picha |
| Kinaharibikaje | Linajazwa lote usiku wa kuamkia ziara | Dodoso linakuwa refu, mhojiwa anachoka | Mawingu msimu wa mvua |
| Taarifa zinabaki kwa nani | Kijijini | Kwa mwenye nywila ya seva | Kwa yeyote mwenye intaneti |

Mstari wa mwisho, wa taarifa zinabaki kwa nani, ndio watu wengi huuruka.

Daftari

Daftari lina sifa mbaya, na sehemu ya sifa hiyo ni haki yake. Ukilifungua ukakuta wino uleule kuanzia Januari hadi Juni, mwandiko haujayumba, na uzito wa pweza kila wiki unakaribiana kama umepimwa kwa rula, ujue umeandaliwa wewe. Lakini angalia daftari la kikundi cha hisa katika kijiji hichohicho. Halina mchezo. Fedha ni zao, kila mtu anakumbuka alichoweka, na mwandishi akikosea anasimamishwa palepale. Daftari la BMU nalo hukaa sawa pale ambapo wanakikundi wenyewe wanalitumia kuamua mwamba ufunguliwe lini. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha daftari jipya lenye nembo ya mradi, uliza ni madaftari gani tayari yapo na yanaaminika. Kikundi cha hisa peke yake kinaweza kukuonyesha mengi kuhusu ustahimilivu: mwezi gani watu walikopa, walikopa kwa ajili ya chakula au biashara, nani alishindwa kuweka hisa, na baada ya balaa walirudi katika hali yao kwa muda gani. Omba ruhusa ya kikundi, na chukua jumla tu bila majina.

Kitu kingine cha bei nafuu kinachodharauliwa ni kipimamvua. Weka kimoja shuleni, mwalimu na wanafunzi wasome saa tatu asubuhi kila siku, saa ileile inayotumiwa na vituo vya hali ya hewa. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la sita anaielewa na inamsaidia mwenye tangi kujua paa lake lingeingiza maji kiasi gani. Bila rekodi hiyo, mavuno yakipanda hutajua kama ni mradi au ni mvua tu iliyokuwa nzuri.

Daftari lina mipaka. Haliwezi kukuambia hali ya kaya ambazo hazimo kwenye kikundi, na mara nyingi kaya maskini zaidi ndizo hazimo. Huloa, huliwa na mchwa, mwandishi huhamia mjini. Dawa ya hayo matatu ni rahisi: kila mwisho wa mwezi kurasa zipigwe picha kwa simu na kutumwa kwa afisa ugani au mtendaji wa kata. Daftari linabaki kijijini, nakala inakuwa salama.

Simu

Sensa ya Agosti 2022 ilimaliza ubishi wa kama kazi hii inawezekana kwa vishikwambi. Makarani walifika hadi vijiji vya ndani, na Mtwara ikahesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.6, Lindi karibu milioni 1.2. Kwa asasi au halmashauri, programu za kukusanya takwimu kama KoboToolbox na ODK hufanya kazi bila mtandao: mdadisi anajaza Liwale ndani huko, anahifadhi, na fomu inatumwa akipata mtandao. Programu inakataa umri wa miaka 250, inaruka maswali yasiyomhusu mhojiwa, na inaandika muda wa kuanza na kumaliza. Msimamizi akiona mahojiano ya kaya yamekwisha kwa dakika nne, anajua pa kuanzia.

Tatizo ni kwamba kwenye karatasi swali la nyongeza linagharimu kurasa, kwenye simu halionekani kugharimu chochote. Dodoso linavimba. Idara ya kilimo inaongeza yake, mfadhili anaongeza ya jinsia na lishe, na mama wa Nanyumbu anakaa nusu ya asubuhi akijibu mambo ambayo hakuna atakayeyachambua. Kanuni yangu ni kali kidogo: swali ambalo hakuna mtu aliyetajwa kwa cheo atakayelitumia kuamua jambo, linatoka.

Pili ni ukubwa wa sampuli. Watu hukariri 385, yaani kaya zinazotosha kukadiria asilimia fulani kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5 juu au chini. Hiyo ni kwa sampuli ya bahati nasibu kamili. Ukichagua vijiji kwanza, kisha kaya ndani ya vijiji, kama tunavyofanya wote, kaya za kijiji kimoja hufanana na unahitaji zaidi. Kama fedha haitoshi, ipo mbinu inayotumika sana kwenye afya: chagua kaya 19 kwa bahati nasibu katika kila eneo la usimamizi, tuseme kata. Ukiwa na lengo la asilimia 80 na kaya 13 au zaidi zinatimiza kigezo, kata unaihesabu imefika. Chini ya hapo, unaipa kipaumbele. Haikupi asilimia sahihi ya kila kata. Inakupa uamuzi, na afisa wa halmashauri mwenye pikipiki moja anachohitaji ni uamuzi.

Tatu ni swali la korosho, na hapa mtu aliyetoka nje ya Kusini huanguka kirahisi. Ukimuuliza mkulima wa Tandahimba ana mikorosho mingapi na alivuna kilo ngapi, humuulizi swali la kawaida. Novemba 2018 serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kusomba mzigo, na uhakiki ukafuata ili kuwabaini walanguzi wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kwa wakulima kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi. Watu waliulizwa mashamba yako wapi na mikorosho mingapi, na malipo yalitegemea majibu. Baadaye ukaja usajili wa wakulima kwa ajili ya pembejeo za ruzuku, ambapo idadi ya miti ina uzito wake. Kwa hiyo kuna anayepunguza kwa hofu na anayeongeza kwa matumaini, na simu yako itarekodi yote mawili bila kukunja uso. Njia bora ni kuuliza kwa kifupi, kisha kulinganisha na takwimu za mapokezi za AMCOS, yaani chama cha ushirika cha msingi cha wakulima. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hupewa stakabadhi ya mzigo aliopeleka ghalani, ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/08 na unaacha karatasi nyingi za mizani. Zitumie, kwa idhini ya chama.

Usisahau sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama wewe ni asasi ndogo: jina, namba ya simu na alama ya mahali nyumba ilipo ni taarifa binafsi, na unatakiwa uwe na sababu ya kuzikusanya na mahali salama pa kuzitunza. Vijiji vya mpakani kando ya Ruvuma, hasa baada ya wanamgambo kushambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara, mwaka 2020, mgeni anayezunguka akichukua alama za GPS za nyumba atasimamishwa, na ni sawa asimamishwe. Barua ya utambulisho ishuke kutoka mkoani hadi kwa mwenyekiti wa kijiji kabla kishikwambi hakijatoka kwenye begi.

Setilaiti

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa uwezo wake ni mkubwa ila kwa maswali machache. Picha za Landsat, setilaiti za Marekani, zimeanza mwaka 1972 na zimekuwa bure tangu 2008. Sentinel-2 ya Ulaya nayo ni bure, kila nukta ya picha ni mita 10 kwa mita 10, na hupita kila baada ya siku tano hivi. Tovuti ya Global Forest Watch inaonyesha upotevu wa miti mwaka hadi mwaka tangu 2001, na huhitaji kuwa mtaalamu kuifungua. Kwa misitu ya vijiji ya Kilwa na Liwale, ambako mashamba mapya ya ufuta hukata msitu taratibu, hakuna daftari wala dodoso litakaloshindana na picha hizo. Mtu anaweza kukudanganya alikofyeka, picha haijui kuona haya.

Sasa mikoko. Miche mipya haionekani kwenye nukta ya mita 10 kwa miaka kadhaa, kwa hiyo ripoti ya mwaka wa pili inayodai setilaiti imethibitisha upandaji, iulize vizuri. Miche huhesabiwa kwa miguu, matopeni, maji yakiwa yametoka: chagua vipande vya mraba, hesabu iliyopandwa, rudi baada ya mwaka na baada ya miaka miwili uhesabu iliyoishi. Idadi ya miche iliyopandwa ndiyo takwimu inayopendwa kwenye hotuba. Iliyoishi ndiyo inayozuia mawimbi.

Uwanda wa Makonde una tatizo lingine: mashamba ni madogo, mikorosho imechanganyika na miembe na vichaka, na kwenye picha vyote ni kijani. Pweza, bila shaka, hawaonekani kabisa. Mvua za mafuriko huja na mawingu, hapo utategemea rada ya Sentinel-1 inayopenya mawingu, na rada inahitaji mjuzi. Takwimu za mvua za setilaiti zinazoitwa CHIRPS zinaanzia 1981 na ni msaada mkubwa kujua mwaka fulani ulikuwa mkavu kiasi gani kwa wilaya, ila kila mraba wake ni kilomita 5 hivi. Mvua iliyonyesha bonde moja ikaruka jingine haitaonekana. Ndege nyuki (droni) zinazojaza pengo hilo zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na karibu na mpaka maswali yatakuwa mengi zaidi.

Kalenda inashinda kifaa

Kama kuna kitu kimoja ungebadilisha kwenye mpango wako baada ya kusoma hapa, kiwe ni mwezi wa kukusanya takwimu. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Fedha za ufuta huingia katikati ya mwaka, za korosho kuanzia Oktoba minada inapoanza. Kati ya Januari na Machi ghala la nyumbani linapungua, shamba bado halijatoa. Ukichukua takwimu za awali mwezi Februari na za mwisho mwezi Novemba, kaya zako zitakuwa zinakula milo mingi zaidi, zina akiba, zimeezeka bati, na mradi haujafanya lolote. Ukigeuza, utauonea mradi mzuri. Mwezi uwe uleule, kila mwaka. Mikataba ya mradi haiheshimu jambo hili, kwani huanza fedha inapofika, hivyo ligombanie kabla ya kusaini. Angalia pia likizo za shule na misimu ya jando na unyago, watu wengi hawapo majumbani au hawana muda na wewe.

La pili kuhusu kalenda ni gumu zaidi. Ustahimilivu hauonekani mwaka mzuri. Mradi wa miaka mitatu unaweza kupita bila kimbunga wala ukame, na tathmini ya mwisho ikapima hali njema ya hewa. Ndiyo maana ningependelea kurudi kwa kaya zilezile chache, mara nyingi, kuliko kuhoji kaya nyingi mpya mara mbili. Balaa likitokea, unakuwa na orodha, unakuwa na hali yao kabla, na unaweza kutuma wadadisi wawili ndani ya wiki chache kuuliza maswali kumi: uliuza nini, ulipunguza mlo, mtoto aliacha shule, nani alikusaidia. Tenga fedha ya dharura kwa ajili hiyo tangu mwanzo. Na weka vijiji viwili au vitatu visivyo na mradi, vyenye mvua na mazao kama yenu, uvifuatilie kwa daftari hilohilo. Bila hivyo, mwaka wa korosho nzuri utakusifia bure.

Tathmini afanye nani?

Mshauri wa nje anaheshimiwa na mfadhili na hana cha kuficha. Huja kwa muda mfupi, hujua vigezo sita vya tathmini vya shirika la OECD kwa moyo, na hujua Newala kwa ramani. Timu ya ndani inajua watu ila ina kazi ya kulinda. Mimi huchanganya: mtu wa nje aongoze uchambuzi na kuchagua kaya, wa halmashauri jirani wafanye mahojiano. Masasi wakakague Nachingwea, Nachingwea wakakague Masasi. Wanajua kangomba ni nini bila kuelezwa, na kwa mzee anayejieleza vizuri zaidi kwa Kimakonde au Kimwera utapata mdadisi anayemwelewa.

Takwimu zipande juu lini?

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Julai 2025, na mipango ya miaka mitano ya chini yake itaomba takwimu kutoka ngazi zote. Takwimu za kijiji hupanda kupitia kata, halmashauri, mkoa, TAMISEMI. Asasi nyingi hujenga mfumo wao pembeni, mradi ukiisha seva inazimwa. Ukiwa asasi, chukua viashiria vitano vya halmashauri yako ulivyovikuta kwenye mpango wake na uvitumie kwa tafsiri ileile, hata kama vyako vilikuwa vizuri zaidi.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mipango ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla, na Aprili bajeti iko bungeni. Ripoti nzuri inayofika Mei inaingia kwenye kabati. Ikifika Novemba, ikiwa kurasa mbili, inaweza kuhamisha fedha ya tangi kutoka kijiji kimoja kwenda kingine. Matokeo yasomwe pia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa kila baada ya miezi mitatu. Hapo utasahihishwa mapema, na wanawake waulizwe tena kwenye vikundi vyao, maana mkutanoni wengi hukaa nyuma na kunyamaza.

Ningechaguaje

BMU au kikundi kisicho na mfadhili: daftari, mizani na simu moja ya kupiga picha kurasa. Basi.

Asasi yenye mradi wa miaka mitatu kata mbili au tatu: daftari na kipimamvua kila kijiji, simu kwa takwimu za awali na za mwisho mwezi uleule, na kaya chache za kurudiwa. Setilaiti achana nayo, isipokuwa kuna msitu ndani ya mradi. Hapo Global Forest Watch inatosha kuanzia.

Halmashauri: sampuli ya kaya 19 kwa kila kata, kwa vishikwambi vilivyopo, mara moja kwa mwaka kati ya Agosti na Septemba ili matokeo yawahi mipango. Miezi hiyo njia za Liwale na Nanyumbu zinapitika. Picha za misitu iziombe mara moja kwa mwaka kutoka kwa taasisi yenye mtaalamu, badala ya kununua programu ambayo mwenye kuijua akihamishwa hakuna wa kuifungua.

Mradi mkubwa wa mkoa mzima unaweza kubeba vyote vitatu. Hata huo ningeuomba ulipie kwanza usafiri wa afisa ugani kufuata madaftari, kisha ndipo mkataba wa ramani usainiwe.